Kilatini cha mahakamani: Nani abebe hasara ya mkulima?

MFUGAJI anaibiwa maksai wawili usiku. Wiki mbili baadaye anawakuta mnadani, mikononi mwa mfanyabiashara aliyewanunua kwa fedha taslimu mbele ya mashahidi, na stakabadhi ya ushuru wa mnada anayo.

Wote wawili wana sababu ya kulalamika. Mmoja ameibiwa mali yake, mwingine ametoa fedha zake halali. Mwizi ametokomea. Kilichobaki kwa mahakama ni kuamua ni yupi kati ya watu hawa wawili wasio na kosa atakayerudi nyumbani mikono mitupu.

Katika hukumu ya shauri kama hilo si ajabu kukuta maneno matano ya Kilatini: nemo dat quod non habet. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kutoa kile ambacho hana. Mwizi hakuwa mmiliki wa ng'ombe wale, kwa hiyo hakuwa na umiliki wa kumuuzia mtu mwingine. Mfugaji anarudishiwa mifugo yake, na mfanyabiashara anabaki na kazi ya kumtafuta mwizi.

Maneno ya namna hiyo yamejaa katika hukumu za mahakama za Afrika Mashariki. Wapo wanaoyaona kuwa ni mbwembwe tu za wanasheria. Lakini kwa mkulima, mfugaji na mfanyabiashara wa mazao, kila kauli ya aina hiyo ni kanuni ya kugawa hasara. Inaeleza kwamba mambo yakiharibika, nani atalipa.

Hatari ni kuijua kauli yenyewe na kutojua inapoishia.

Kauli hizi zilitoka wapi

Nyingi zina asili katika sheria za Warumi, nyingine zilitungwa na wanasheria wa Ulaya karne nyingi baadaye, wakati Kilatini kilikuwa lugha ya wasomi. Uingereza yenyewe iliacha kutumia Kilatini katika kumbukumbu za mahakama kuanzia mwaka 1733. Lugha iliondoka, lakini kauli zilibaki, kwa kuwa majaji walikuwa wamekwisha kuzizoea kama kipimo cha kazi yao.

Zilifika huku pamoja na utawala wa Waingereza. Sheria ya nchi hiyo isiyotungwa na Bunge, yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji, ilipokewa Kenya kwa kipimo cha tarehe 12 Agosti, 1897, Uganda tarehe 11 Agosti, 1902 na Tanganyika tarehe 22 Julai, 1920. Baada ya uhuru nchi hizo zilitunga sheria zao, lakini msingi huo haukung'olewa.

Kwa msemaji wa Kiswahili, njia rahisi ya kuzielewa ni kuzifananisha na methali. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna anayeona kuwa walijipinga, kwa sababu kila methali ina mahali pake, na mzee mwenye busara ndiye anayejua ipi itumike wapi.

Ndivyo ilivyo kwa kauli za mahakamani. Karibu kila moja ina mwenzake wa kuipunguza makali, na mashauri mengi hushinda au kushindwa katika mpaka ulio kati ya hizo mbili.

Aliyeibiwa na aliyetapeliwa

Turudi kwenye kauli ya kwanza. Uingereza iliiandika katika kifungu cha 21 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893, na sheria hiyo ndiyo mama wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ya Tanzania, pamoja na ile ya Kenya, Sura ya 31.

Mfano wake mmoja ni shauri la Rowland dhidi ya Divall la mwaka 1923. Mnunuzi alilipa Pauni 334 kwa gari, akalitumia miezi kadhaa, kisha polisi wakalichukua kwa kuwa lilikuwa la wizi. Aliyemuuzia naye hakujua. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamuru mnunuzi arudishiwe fedha yote, bila kupunguziwa chochote kwa muda aliolitumia gari, kwa sababu alichokuwa amelipia ni umiliki na umiliki hakuupata.

Funzo hapo ni kwamba mnunuzi aliyenyang'anywa mali ana haki ya kumdai aliyemuuzia. Lakini haki hiyo ina thamani pale tu anapomjua muuzaji ni nani na anapatikana wapi. Aliyenunua ng'ombe kwa mtu asiye na jina wala kijiji hana wa kumdai.

Sasa chukulia hali nyingine. Mkulima anamuuzia mchuuzi magunia 40 ya mahindi. Mchuuzi anamwambia fedha itatumwa kesho, anapakia na kuondoka. Siku hiyo hiyo anamuuzia mwenye mashine ya kusaga kwa bei nzuri na kuzima simu. Mkulima anafuatilia, anayakuta magunia yake yangali ghalani kwa mwenye mashine na alama zake mwenyewe zikionekana.

Wakulima wengi wangedhani jibu ni lile lile la ng'ombe wa wizi. Sivyo. Hapa mkulima hakuibiwa. Alikubali kuuza, akakabidhi mzigo kwa hiari yake. Ingawa alidanganywa, mchuuzi alipata umiliki, japo umiliki dhaifu ambao mkulima angeweza kuutengua akiwahi. Iwapo mwenye mashine amenunua kwa nia njema bila kujua udanganyifu huo kabla mkulima hajautengua, mali ni yake.

Kwa lugha nyepesi, aliyeibiwa hufuata mali yake popote ilipo, bali aliyetapeliwa mara nyingi hubaki kumfuata tapeli.

Mpaka huo unaweza kuwa mwembamba sana. Mashauri mawili ya Uingereza yanaonyesha.

Katika shauri la Cundy dhidi ya Lindsay, lililoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1878, tapeli aitwaye Blenkarn aliwaandikia watengenezaji wa vitambaa wa Belfast barua za kuagiza leso, akaandika saini yake ionekane kama ya kampuni yenye heshima ya Blenkiron iliyokuwa mtaa huo huo. Leso zikatumwa, naye akaziuza kwa wafanyabiashara wasiojua lolote. Malodi waliamua kuwa hapakuwa na mauzo kabisa, kwani watengenezaji hawakukusudia kamwe kumuuzia Blenkarn. Wanunuzi wa mwisho wakapata hasara.

Katika shauri la Phillips dhidi ya Brooks la mwaka 1919, tapeli aliingia dukani mwenyewe, akajitambulisha kwa jina la mtu tajiri, akaandika hundi na kuondoka na pete, kisha akaiweka rehani. Jaji aliamua kuwa mwenye duka alikusudia kumuuzia mtu yule aliyesimama mbele yake, hata kama alidanganywa jina. Aliyepokea pete kwa rehani akabaki nayo. Safari hii hasara ilikuwa ya mwenye duka.

Udanganyifu unafanana, lakini hukumu zimepishana. Kwa mkulima anayeuza shambani, uso kwa uso na mchuuzi, hali yake inafanana zaidi na ya mwenye duka la pete. Mkulima anayeukabidhi mzigo kabla ya fedha anabeba hatari ambayo sheria haitamwondolea kirahisi.

Iwapo ni lazima kukopesha, maandishi yanayosema kuwa mazao yanabaki mali ya mkulima mpaka fedha ilipwe yatamsaidia dhidi ya mchuuzi mwenyewe. Lakini hata maandishi hayo hayamhakikishii ushindi dhidi ya mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema.

Mnunuzi na ajihadhari

Kauli ya pili inajulikana zaidi: caveat emptor, yaani mnunuzi na ajihadhari. Iwapo bidhaa ina kasoro, shauri yake aliyeinunua.

Zamani ilikuwa kali kweli kweli. Mwaka 1603, katika shauri la Chandelor dhidi ya Lopus, sonara mmoja wa Uingereza aliuza kwa Pauni 100 jiwe alilodai ni bezoari, jiwe la tumboni mwa mnyama lililoaminiwa kuwa dawa ya sumu. Halikuwa bezoari. Mahakama ilisema kutamka tu kwamba jiwe ni bezoari hakutoshi kumbana muuzaji, kama hakutoa dhamana.

Wafugaji walionja ukali huo katika shauri la Ward dhidi ya Hobbs la mwaka 1878. Mwenye nguruwe wagonjwa aliwapeleka sokoni huku akijua hali yao, akawauza kwa masharti kwamba wananunuliwa na kasoro zao zote. Mnunuzi akawapeleka bandani kwake, wakafa na kuambukiza wengine. Baraza la Malodi lilikataa kumpa fidia. Muuzaji hakuwa amesema nguruwe ni wazima, na masharti ya mauzo yalikuwa wazi.

Lakini wakati huo huo biashara ya mazao ilikuwa imeanza kuilegeza kauli hii. Bidhaa sasa zilisafiri baharini kwa miezi, na mnunuzi hakuwa na jinsi ya kuzikagua.

Mwaka 1868, katika shauri la Jones dhidi ya Just, mfanyabiashara wa Uingereza aliagiza katani ya Manila, zao la kutengeneza kamba kama ilivyo mkonge wa Tanga. Ilipofika kutoka Singapore ilikuwa imeharibiwa na maji ya chumvi. Muuzaji alijitetea kwamba alichopeleka ni katani ya Manila kweli. Mahakama ilisema haitoshi bidhaa kuwa na jina lililoagizwa, bali ni lazima iwe katika hali inayofaa kuuzika kwa jina hilo.

Kanuni hiyo iliingizwa katika kifungu cha 14 cha sheria ya mwaka 1893, na kutoka huko ikafika katika sheria za Afrika Mashariki. Mnunuzi anapomweleza muuzaji wa bidhaa hizo kazi anayoitakia bidhaa, na kutegemea ujuzi wake, bidhaa ni lazima ifae kwa kazi hiyo.

Shauri linalowahusu zaidi wakulima wa leo ni lile lililoanzia katika shamba la kufuga ndege wa mawindo la Hardwick nchini Uingereza, na kuamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1968. Vifaranga walikufa baada ya kula chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga kutoka Brazil. Mashudu hayo yalikuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo mwaka 1960 iliua bata mzinga wengi nchini humo kabla wataalamu hawajaitambua.

Shamba lilimdai aliyeliuzia chakula. Huyo akamdai aliyemuuzia mashudu. Huyo naye akawadai walioyaagiza kutoka ng'ambo. Hakuna kati yao aliyekuwa amefanya uzembe, kwani sumu yenyewe ilikuwa ngeni. Hata hivyo, kila muuzaji alionekana anawajibika kwa mnunuzi wake, na hasara ikapanda ngazi kwa ngazi.

Uzito wa uamuzi huo si mdogo kwa nchi inayolima karanga na mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwenye kiwanda cha chakula cha kuku anayenunua mashudu au pumba bila kupima hawezi kutegemea kujitetea kwamba hakujua. Kutojua hakumwondolei mtu dhima kwa mteja wake.

Kwa upande wa mbegu, sheria imekwenda mbali zaidi. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliunda Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI, na kuuza mbegu zisizothibitishwa ni kosa la jinai. Hapo mkulima haachwi ajihadhari peke yake.

Hata hivyo, kauli ya kale haijafa. Mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Aliyepasua gunia la maharage na kuona wadudu, kisha akalipa, amejifungia mlango mwenyewe. Na aliyenunua kwa mkulima mwenzake ng'ombe mmoja, bila kuuliza afya yake na bila kuahidiwa lolote, bado yuko karibu na Ward kuliko Hardwick.

Aidha, haki ya kudai inahitaji ushahidi. Mkulima aliyetupa mfuko wa mbegu na hana stakabadhi atashindwa kuthibitisha kwamba mahindi yasiyoota yalitoka duka gani.

Kilichopandwa ni cha ardhi

Kauli ya tatu inamgusa kila anayelima shamba lisilo lake: quicquid plantatur solo, solo cedit. Chochote kinachopandwa au kusimikwa ardhini huwa sehemu ya ardhi hiyo.

Ikichukuliwa ilivyo, kauli hii inatisha. Anayekodi eka mbili na kupanda michungwa anapanda michungwa ya mwenye shamba. Anayejenga ghala katika kiwanja cha ndugu amemjengea ndugu.

Mahakama za Uingereza ziliitumia hata kwa mashine. Katika shauri la Holland dhidi ya Hodgson la mwaka 1872, mwenye kiwanda cha nguo aliweka kiwanda rehani, kisha akafilisika. Mitambo ya kufumia ilikuwa imefungwa sakafuni kwa misumari. Je, ilikuwa ya mkopeshaji mwenye rehani ya jengo, au ya wadai wengine? Mahakama ilisema ni ya mwenye rehani, kwa sababu kwa jinsi ilivyofungwa na kwa madhumuni yake imekuwa sehemu ya jengo.

Jaji Blackburn alitoa mfano mwepesi. Mawe yaliyopangwa kuwa ukuta wa shamba, hata bila saruji, ni sehemu ya ardhi. Mawe yale yale yakirundikwa uani na fundi anayeyasubiri kazi ni mali inayohamishika. Kinachoamua ni namna kitu kilivyoshikizwa na kusudi la aliyekiweka.

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga aliyeifunga kwa zege katika jengo la kupanga anapaswa kuufikiria mfano huo kabla ya kusaini.

Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na desturi yake kabla Kilatini hakijafika. Katika pwani ya Kenya na katika visiwa vya Unguja na Pemba, watu wamezoea kwa vizazi vingi kwamba ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mnazi au mkarafuu ukawa wa mwingine. Miti huuzwa, hurithiwa na kuwekwa rehani pasipo kugusa udongo iliposimama. Kwa mwenye minazi wa huko, kusema kilichopandwa ni cha ardhi ni kumnyang'anya mali aliyoachiwa na babu.

Bara nako uzito uliwekwa kwenye jasho la mlimaji. Sheria za ardhi zilitambua maendelezo ambayo thamani yake haijaisha, kama miti ya kudumu na majengo, na hayo ndiyo yaliyolipiwa fidia mtu alipoondolewa.

Shauri lililobadili hesabu hiyo ni la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililomo katika taarifa za mashauri ya Tanzania za mwaka 1995. Baba na mwanawe, wakulima wa Mkoa wa Arusha, walikuwa wamepoteza shamba lao la kimila wakati wa Operesheni Vijiji, wakashinda mahakamani kulirudisha. Kisha mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki za kimila katika maeneo ya vijiji vilivyoanzishwa, ikazuia fidia na kuzuia mashauri kusikilizwa.

Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Ilisema pia kwamba hata pasipokuwa na maendelezo yanayoonekana, mtu aliyetia nguvu zake katika ardhi anastahili fidia inayofaa akinyang'anywa.

Miaka michache baadaye, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka miongoni mwa misingi yake kwamba ardhi ina thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema.

Ushauri kwa anayekodi shamba ni mfupi. Mazao ya msimu, kama mahindi na alizeti, huwa na kinga kiasi, kwani hata sheria ya kale ya Uingereza ilimruhusu mpangaji kurudi kuvuna alichopanda iwapo ukodishaji ulikatika bila kosa lake. Miti ya kudumu haina kinga hiyo. Asiyeandika katika mkataba miti itakuwa ya nani mwisho wa muda, anapanda kwa imani.

Unga, sukari na chai ya magendo

Zipo kauli nyingine zilizozaliwa ghalani. Res ipsa loquitur, yaani jambo linajisema lenyewe, ilipata umaarufu kutokana na pipa la unga. Mwaka 1863, katika shauri la Byrne dhidi ya Boadle, mpita njia mjini Liverpool aliangukiwa na pipa kutoka dirisha la juu la muuza unga. Hakuweza kueleza nani alilisukuma. Mahakama ilisema mapipa hayatoki ghalani na kuanguka barabarani bila uzembe wa mtu, na kazi ya kujieleza ni ya mwenye ghala. Miaka miwili baadaye msimamo huo ulirudiwa kwa ofisa wa forodha aliyeangukiwa na magunia sita ya sukari katika bandari ya London.

Mpaka wa kauli hiyo ni kwamba kilichosababisha ajali kiwe kilikuwa chini ya usimamizi wa mdaiwa, na ajali iwe ya aina isiyotokea watu wakiwa waangalifu. Kuku kufa baada ya chanjo hakujisemi kwenyewe, maana kuku hufa kwa sababu nyingi. Hapo hutakiwa ripoti ya daktari wa mifugo.

Kwa wanaovusha mazao mipakani, ipo ex dolo malo non oritur actio. Mahakama haimsaidii mtu anayejenga madai yake juu ya uovu wake mwenyewe. Shauri lake kuu, Holman dhidi ya Johnson la mwaka 1775, lilihusu chai iliyouzwa Dunkirk, Ufaransa, na kuingizwa Uingereza kwa magendo. Muuzaji alijua chai inakwenda wapi. Hata hivyo Jaji Mansfield alimpa fedha zake, kwa sababu mauzo yalikamilika Dunkirk na yeye hakushiriki katika kuvusha.

Angekuwa mshirika katika uvushaji, asingepata kitu. Mkulima aliyeuza mahindi shambani kwake kwa bei halali anasimama pazuri. Aliyekubali kuyapeleka usiku hadi njia ya panya na kulipwa ng'ambo ya mpaka, akidhulumiwa, hana mahakama ya kukimbilia.

Sikiliza na upande wa pili

Kauli moja haihusu mikataba, lakini bila hiyo nyingine zote hazina maana. Ni audi alteram partem, yaani sikiliza na upande wa pili.

Katika shauri la Cooper dhidi ya Bodi ya Wandsworth la mwaka 1863, mjenzi alianza nyumba bila kutoa taarifa iliyotakiwa na sheria. Bodi ikaibomoa bila kumwita. Sheria ilikuwa inairuhusu kubomoa na haikusema lolote kuhusu kumsikiliza. Mahakama ilimpa mjenzi fidia na kusema haki yenyewe hujaza pengo ambalo sheria imeliacha.

Tanzania haki hiyo imo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba. Halmashauri ya kijiji inayogawa upya shamba la mtu bila kumpa nafasi ya kusema inajenga uamuzi juu ya mchanga. Hata kama ilikuwa na sababu nzuri, uamuzi unaweza kufutwa kwa kosa hilo pekee.

Hapa pia upo mpaka. Haki ni ya kupewa nafasi, si ya kulazimishwa kuitumia. Aliyepelekewa wito na kukaa nyumbani kwa hasira hawezi kulalamika kwamba hakusikilizwa.

Lugha inabadilika, kanuni zinabaki

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale maslahi ya haki yanapodai. Kama ilivyokuwa Uingereza mwaka 1733, kubadili lugha hakubadili kanuni. Mkulima atasikia mtu hawezi kutoa asichonacho badala ya nemo dat, na matokeo yatakuwa yale yale.

Faida ni kwamba sasa anaweza kuuliza swali ambalo Kilatini kilikuwa kikilificha: je, kanuni hiyo inaishia wapi?

Yule mfugaji wa mwanzo alirudishiwa maksai wake kwa sababu aliweza kuonyesha alama zao. Mfanyabiashara angejiokoa kama angedai kibali cha kusafirisha mifugo na kuandika jina na kijiji cha muuzaji. Tanzania imekuwa na sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tangu mwaka 2010, na hereni anayovalishwa ng'ombe si usumbufu wa serikali tu. Siku mbili zikigombana mbele ya hakimu, ndiyo itakayoeleza ni nani aliyekuwa nacho, na ni nani aliyeuza asichokuwa nacho.